Kibao cha "Mbwa Mkali" Hakimtetei Mwenye Mbwa



Kwenye geti la nyumba ya mapadre, katika parokia niliyotumwa wakati wa likizo ndefu baada ya mwaka wangu wa kwanza wa falsafa, kulikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Kibao cha namna hiyo unakijua. Kipo kwa watumishi wa serikali, kipo kwa wafanyabiashara, kipo kwa masista, na kipo hata kwenye nyumba zisizo na mbwa kabisa, ambako mwenye nyumba ameona kopo la rangi ni nafuu kuliko kulisha mnyama mwaka mzima.

Baba Paroko alinigawia kazi tatu: nisaidie mafundisho ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, niambatane na katekista kutembelea Jumuiya Ndogo Ndogo, na niwahudumie mbwa wawili wa parokia. Mmoja aliitwa Tomi, mbwa wa kienyeji, mzee, mwenye kulala sana. Wa pili aliitwa Bosi. Huyu alikuwa rotiwaila, au angalau nusu yake, zawadi ya muumini mmoja baada ya wezi kuvunja ofisi ya parokia na kuondoka na vipaza sauti. Maelekezo niliyopewa hayakuwa na utata: mchana wakae bandani, na wafunguliwe saa mbili usiku, geti likishafungwa kwa kufuli.

Jioni moja ya Agosti, mwaka juzi, niliwafungua saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kulikuwa na mpira wa watani wa jadi na sikutaka kunyanyuka kwenye kiti katikati ya mchezo. Mlango mdogo wa geti sikuuangalia. Nilidhani umefungwa.

Dakika chache baadaye nikasikia kilio. Binti wa darasa la tatu, mmoja wa watoto wangu wa mafundisho, alikuwa ameanguka karibu na mwembe, na Bosi amemshika mguu chini ya goti. Nilimwita mbwa kwa jina, hakusikia. Nikampiga kwa ndoo, akaachia. Jeraha lenyewe sitalieleza. Katekista, ambaye aliwahi kuhudhuria semina ya afisa mifugo, ndiye aliyesema tusianze na kitambaa, tuanze na maji. Tulimwosha kwa sabuni ya mche na maji ya bomba kwa muda mrefu, yeye akilia na mimi nikitetemeka, kisha Baba Paroko akampakia kwenye gari kwenda hospitali ya wilaya.

Kuna kitu kimoja hatukukifanya: hatukumuuliza alikuja kufanya nini. Saa tatu usiku, akiwa ameshafungwa bandeji, ndipo aliposema mwenyewe, "Baba, bibi amesema uje na mafuta." Bibi yake alikuwa hoi tangu mchana na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kutuma. Baba Paroko alitoka hospitalini moja kwa moja kwenda kumpa Mpako wa Wagonjwa. Alimkuta bado ana fahamu.

Baada ya siku kadhaa nilikwenda kumtazama yule binti, na nikamuuliza swali ambalo hadi leo naona aibu kuwa niliuliza. Nilimuuliza kama hakukiona kibao. Akanijibu, "Nilikiona, Frateri. Ndiyo maana nilikimbia." Na mtu anayewajua mbwa atakwambia kuwa mtoto anayekimbia mbele ya mbwa aliye huru amekwisha kumwita amfukuze.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilisikia maelezo ya aina mbili. Wengine walisema mbwa wa kizungu ndivyo walivyo, damu yao ni ya ukali. Wengine walisema mtoto anajua kusoma, kwa nini aliingia? Ukiyatazama haraka, maelezo haya yanapingana. Ukiyatazama vizuri, yanafanya kazi ileile: la kwanza linampa kosa mbwa, la pili linampa mtoto. Hakuna hata moja linalofika kwa yule aliyefungua banda kabla ya saa.

Nianze na hili la damu, maana limeshughulikiwa na mataifa makubwa kwa sheria. Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kupiga marufuku aina nne: pitibuli, tosa wa Japani, dogo wa Argentina na fila wa Brazili. Miaka thelathini na zaidi baadaye bado watu walikuwa wakiumwa na wengine kufa, ila sasa mbwa aliyetajwa sana alikuwa XL Bully, ambaye hakuwa kwenye orodha. Wakamwongeza. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa kosa kumuuza, kumzalisha au kumtelekeza, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa kumfuga bila kibali maalumu katika England na Wales. Italia ilipita njia nyingine. Mwaka 2003 waliweka orodha ya mbwa hatari, na mwaka 2009 wakaifuta, wakasema wazi kuwa anayewajibika ni mwenye mbwa, awe mbwa wa aina yoyote.

Sayansi nayo haiwapi nguvu sana wapenzi wa orodha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa aina ya mbwa inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa maneno mengine, ukiambiwa tu kwamba huyu ni rotiwaila, bado hujaambiwa mengi kuhusu tabia yake. Inabidi uulize amelelewaje, amezoeshwa watu au amefungiwa, anakula nini, amewahi kumuuma nani.

Lakini nisiwe mwepesi. Aina ya mbwa ina maana katika jambo moja, nalo ni ukubwa wa madhara. Tomi akimuuma mtu, mtu huyo atashonwa nyuzi mbili na kuendelea na shughuli zake. Mbwa wa kilo hamsini mwenye kichwa kama nyundo akiuma, hali ni nyingine. Hapo ndipo nisipokubaliana na ndugu zangu wanaosema hakuna mbwa mbaya ila bwana mbaya, kisha wakaishia hapo. Ukimiliki chombo chenye nguvu zaidi, unadaiwa uangalifu zaidi. Dereva wa lori la mafuta hawezi kujitetea kwa kusema kuwa hata baiskeli humgonga mtu. Kwa hiyo hoja ya damu, hata tukiikubali yote, haimpunguzii mzigo mwenye mbwa. Inamwongezea. Kama kweli uliamini kuwa wale ndivyo walivyo, kwa nini ulimwacha huru saa watoto wanapita?

Darasani tumejifunza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuwa mnyama ana namna fulani ya kutenda kwa hiari, lakini hiari isiyo kamili: anakiona anachokitaka na kukiendea, bali hawezi kukaa na kupima kama inafaa au haifai. Bosi alimwona mtu mdogo akikimbia katika eneo alilofundishwa kulilinda. Alifanya kile alichofanyiwa mazoezi kukifanya. Kumlaumu kimaadili ni sawa na kulilaumu panga. Na kama lawama haiwezi kukaa kwa mbwa, wala haiwezi kukaa kwa mtoto wa miaka tisa aliyetumwa kumwitia bibi yake padre, basi inabaki sehemu moja tu ya kukaa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalisema jambo hili katika namba 1736 na 1737 kwa mifano ya barabarani. Tendo linaweza kuwa la hiari kwa njia isiyo ya moja kwa moja pale linapotokana na uzembe wa kutojua au kutofanya kile tulichopaswa. Na ili tokeo baya lihesabiwe juu yangu, mambo mawili yanatosha: liwe linaweza kuonekana mapema, na niwe na uwezo wa kulizuia. Sikumchukia yule binti. Sikutaka aumwe. Lakini nilijua Bosi ni nani, na ufunguo wa banda ulikuwa mfukoni mwangu.

Kwamba nilijua, sina pa kujificha. Wiki mbili kabla, Bosi alikuwa amemrarua suruali muuza maziwa. Tulicheka. Muuza maziwa mwenyewe alicheka, maana ni mtu wa utani, na Baba Paroko akampa hela ya suruali. Kabla ya hapo, mama mmoja wa WAWATA alikuwa ameacha kupita njia ya nyumba ya mapadre na kuzunguka kwa nyuma. Hayo yote yalikuwa maonyo, nasi tuliyafanya hadithi za mezani.

Hapa ndipo sheria ya kale katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iliponikamata. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama moja ya zile sura ambazo mtu huzipitia haraka ili afike kwenye mambo makubwa. Inazungumzia ng'ombe dume anayempiga mtu pembe akafa. Kama ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo, anauawa kwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na mazoea ya kupiga, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi hesabu inabadilika kabisa: hatia inampanda mwenye ng'ombe, hata kufikia uhai wake, isipokuwa akipangiwa fidia. Mstari wa 31 unaongeza kuwa hukumu ni hiyohiyo hata kama aliyepigwa ni mtoto wa kiume au wa kike. Sheria ya Hammurabi wa Babeli, miaka zaidi ya elfu moja na mia saba kabla ya Kristo, ina kifungu kinachofanana sana: kama wazee wa mtaa walimwarifu mtu kuwa ng'ombe wake anapiga pembe, naye hakuzifunika wala kumfunga, atalipa fedha.

Tazama kinachobadilisha hukumu. Ng'ombe wa kwanza na ng'ombe wa pili wanaweza kuwa wa aina moja, rangi moja, pembe sawa. Kinachobadilika ni kwamba mwenyewe sasa anajua. Na sheria zetu za leo hazijatoka mbali sana na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika orodha ya matendo ya uzembe yanayohatarisha watu, inamtaja pia yule anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake.

Sasa rudi kwenye kibao. Tumezoea kukitazama kama ngao: nimekwisha kuandika, ukiingia shauri lako. Mimi nakisoma kinyume. Kibao cha MBWA MKALI ni ungamo la mwenye nyumba lililopakwa rangi na kutundikwa barabarani. Linasema: ninajua. Hakuna shahidi atakayehitajika kuja kueleza kuwa mwenye mbwa alionywa. Amejionya mwenyewe, kwa herufi kubwa, na fundi akamlipa. Baada ya kukiri hivyo, swali linalobaki ni lile la Kitabu cha Kutoka: je, ulimfunga?

Sisemi kibao kiondolewe. Kina kazi yake kwa mgeni mtu mzima anayejua kusoma na asiye na haraka. Lakini hakina kazi kwa mtoto wa chekechea, kwa kipofu, kwa bibi asiyejua kusoma, kwa mgeni wa usiku, wala kwa mtu ambaye shida yake ni kubwa kuliko woga wake. Na hao ndio watu wanaogonga mlango wa padre.

Najua jibu litakalonijia, maana nimelisikia kwa walezi na kwa wazee wa halmashauri ya walei: Frateri, wewe hujawahi kuvunjiwa. Ni kweli. Parokia zinaibiwa, mapadre na masista wamevamiwa usiku, na mlinzi anahitaji mshahara kila mwezi ilhali mbwa anahitaji ugali na dagaa. Tena mbwa hasinzii na hali rushwa. Sina ugomvi na mbwa wa ulinzi. Hata Tobia alisafiri na mbwa wake, na Mtakatifu Yohane Bosko alisimulia habari za mbwa mkubwa wa kijivu aliyemkinga na watu waliotaka kumdhuru njiani. Ugomvi wangu ni na ulinzi wa bei rahisi, ule unaohamisha gharama kutoka kwa mwenye mali kwenda kwa mpita njia. Kama bajeti ya parokia haitoshi kujenga banda imara, kuweka kengele getini na kuchanja, basi haitoshi kufuga mbwa. Anayelipa hiyo tofauti ni mtoto.

Kuhusu kulipa, nimalizie habari ile. Parokia ililipa matibabu ya siku ile na sindano za kichaa cha mbwa. Hilo lilifanyika, na nashukuru. Lakini sindano zile hazitolewi siku moja. Mtoto hurudi kwa tarehe alizopangiwa, na nauli za kwenda wilayani na kurudi, yeye na mama yake mdogo, pamoja na siku ambazo mama yule hakufungua genge lake la nyanya, hakuna aliyezihesabu. Niliyajua hayo miezi mingi baadaye. Mstari wa 32 wa sura ile ya Kutoka unanisumbua hapa, maana unaweka bei tofauti kwa mtumwa, shekeli thelathini, na sisi husoma tukishukuru kuwa zama hizo zimepita. Nimejiuliza: kama aliyeumwa angekuwa mtoto wa mwenyekiti wa halmashauri, je, nauli zingesahaulika?

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia, nalo ni la kiutawala kabisa. Hospitalini waliuliza kama mbwa amechanjwa. Hakuna aliyejua. Kadi ya chanjo haikuonekana. Aliyetoa zawadi alisema alimkabidhi paroko aliyetangulia, paroko aliyetangulia alikuwa amehamishwa, aliyekuja hakuambiwa. Katika makabidhiano ya parokia huhesabiwa kalisi, viti, mashuka, majembe, hata sufuria za jikoni na idadi ya vifuniko vyake. Mbwa hawamo kwenye daftari. Ndiyo maana naona mbwa wa taasisi ni hatari kuliko mbwa wa mtu binafsi, hata akiwa mpole zaidi: mbwa wa wote hana mwenyewe. Paroko anadhani ni kazi ya mlinzi, mlinzi anadhani ni kazi ya mpishi anayepeleka makombo, mpishi anadhani ni kazi ya frateri wa likizo, na frateri ana mpira wa kutazama. Aristoteli katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako anaeleza kuwa watunga sheria humwadhibu mtu hata kwa kutojua, kama kutojua kwenyewe kumetokana na yeye kutojali. Katika nyumba ile tulikuwa watano, na kila mmoja hakujua kwa namna yake.

Swali la chanjo si la makaratasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya wagonjwa wameambukizwa na mbwa. Takribani watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, sindano zikitolewa mapema na jeraha likioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu huokoka. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, mwezi Julai 1885, na tangu hapo hakuna sababu ya kisayansi ya mtoto kufa kwa kuumwa na mbwa wa padre. Tena si lazima kuchanja kila mbwa wa nchi: wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa wa parokia, wa shule na wa konventi wanapaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni siku afisa mifugo anapokuja kijijini, na tangazo lisomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa.

Na mbwa mwenyewe? Kanisa linafundisha, katika Katekisimu namba 2416 hadi 2418, kuwa wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba tunawiwa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini nimewasikia watu wazima, wakristo wazuri, wakishauriana jinsi ya kumfanya mbwa awe mkali: mfungie gizani, mnyime chakula siku mbili, mtie pilipili kwenye ugali, asimwone mtu isipokuwa wewe. Hapo hatutengenezi mlinzi. Tunatengeneza mnyama mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu hachagui kati ya mwizi na mtoto wa mafundisho. Bosi alikuwa akikaa bandani saa kumi na nne kwa siku, katika nafasi isiyomtosha kugeuka vizuri. Nilimletea chakula na kuondoka, kwa sababu nami nilimwogopa. Katika miezi ile miwili sikuwahi kumtembeza hata mara moja.

Wafransisko wanasimulia habari ya mbwa mwitu wa Gubbio, aliyeutisha mji mpaka Mtakatifu Fransisko akamwendea. Sehemu ambayo watoto hupenda ni mnyama kutoa mguu wake kama mtu anayeshikana mkono. Sehemu ambayo mimi naipenda ni mkataba. Fransisko hakumwambia mbwa mwitu peke yake aache kuua. Aliwageukia watu wa mji akawataka waahidi kumlisha kila siku, kwa kuwa alikuwa akiua kwa njaa. Mji mzima ulikuwa na wajibu wake katika amani ile.

Bosi alifungwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo, maana mbwa aliyeuma akiwa tayari na uwezo wa kuambukiza kichaa hawezi kuzipita siku hizo akiwa mzima. Alizipita. Siku ya kumi na moja aliuawa, kwa uamuzi wa kikao kilichochukua muda mfupi sana. Mimi ndiye niliyechimba shimo, nyuma ya shamba la migomba. Nilitegemea kuitwa, kuulizwa, hata kuandikiwa barua kwa Gombera. Hakuna aliyeniita. Mbwa alihukumiwa, nami nikarudi seminarini kusoma Aristoteli.

Nilikwenda mwenyewe kwa Baba Paroko kabla ya kuondoka, nikamweleza kuhusu saa kumi na mbili na nusu na kuhusu mpira. Alinyamaza kidogo, kisha akasema naye alijua kuwa komeo la mlango mdogo limelegea tangu Pasaka. Tulikaa pale barazani, watu wawili wenye ujuzi huo, na kibao kiko mbele yetu upande wa nyuma, usio na maandishi.

Yapo mambo ambayo nimewaomba ndugu zangu maseminari tuyasimamie tunapokwenda kwenye vituo vyetu likizo hii, na naomba halmashauri za parokia zituunge mkono. Kila mbwa wa parokia awe na mtu mmoja mwenye jina anayemjibia, na jina hilo liandikwe kwenye daftari la makabidhiano pamoja na tarehe ya chanjo. Geti liwe na kengele au hata kipande cha reli cha kugonga, kiwe upande wa nje, kwenye urefu ambao mtoto anaufikia. Mbwa wasifunguliwe kabla ya mtu kuzunguka na kushika kila komeo kwa mkono wake. Mbwa akimrarua mtu suruali, kikao kifanyike siku hiyohiyo, kabla hajafika kwenye nyama. Na akiumwa mtu, taasisi ilipe mpaka nauli ya mwisho, bila kusubiri kuombwa.

Krismasi iliyopita nilipita pale kumsalimia paroko mpya. Kuna mbwa mwingine, jemani shepadi mchanga, wa kupewa. Komeo limebadilishwa na kengele ipo. Kibao nacho kimepakwa rangi upya. Nikiwa nje na paroko, nilimwona yule binti, sasa yuko darasa la tano, ameshika bahasha ya Jumuiya yao. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Alituona, geti lilikuwa wazi, na mbwa alikuwa bandani. Alibisha hodi akiwa kulekule. "Shikamoo Baba. Shikamoo Frateri. Nimetumwa."

Nikavuka mimi.